Neno Ulilompa Mwanaidi

Mbwera, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Zuhura mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, nami hali yako naijua. Uko uani unasukwa na shangazi yako, nakusikia unalalamika kwamba anavuta mno, naye anakwambia wasichana wa bweni hawalii kwa kichwa. Mimi niko barazani. Wanafunzi nimewaruhusu mapema. Kila anayepita akiniuliza naandika nini, namwambia naandika hirizi ya safari. Huo ni uongo, lakini mdogo, utanisamehe. Naandika kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni ili walimu wako wa huko wasiweze kuisoma wakiikuta sandukuni.

Habari za sabuni, mafuta ya nazi na kutokula kwa watu usiowajua, mama yako amekwisha kukwambia mara tatu, na kesho maji yakijaa atakwambia tena ukiwa na mguu mmoja mtumbwini. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja nimelikalia tangu ule mtihani wenu wa darasa la nne, na kulisema kwa mdomo kumenishinda. Nimejaribu. Juzi tulipokuwa tunafunga sanduku nilikuita, ukaja, ukasema "Labeka, baba," nikakutuma maji ya kunywa. Sikuwa na kiu.

Unaikumbuka ile karatasi ya kanuni iliyokuja pamoja na barua ya kukubaliwa kwako. Mwalimu Athumani wa skuli alinisomea yote, moja baada ya moja, kama mtu anayesoma hati ya shamba. Kulala saa ngapi, kuamka saa ngapi, kucha ziwe fupi. Kisha akafika kwenye kanuni ya mitihani: mwanafunzi atakayempa mwenzake jibu, na huyo atakayelipokea, wote wawili watarudishwa makwao. Hapo akasita kidogo, akanitazama, akaendelea. Chini pana pahali pa mzazi kutia sahihi kwamba amesoma, ameelewa na amekubali. Nikatia. Mwalimu Athumani akaikausha karatasi kwa kuipulizia. Yeye alikuwapo siku ile, na anajua mimi ni mtu wa mwisho katika kisiwa hiki kutakiwa kutia sahihi chini ya maneno kama hayo.

Nikusimulie siku hiyo, kwa sababu wewe uliiona nusu tu.

Asubuhi mliandika hesabu na imla, hayo yakapita salama. Mchana ikawa zamu ya kusoma kwa sauti mbele ya msimamizi aliyetoka Utete, yule bwana wa kaptula na soksi ndefu. Nilikuwa nje nimesimama na watu wengine, maana ukuta wa skuli yetu unafika kiunoni na mtu yeyote anaona mpaka ndani. Mwanaidi akasimama na kitabu. Akasoma vizuri, akafika mahali akakwama. Wewe ulikuwa umekaa benchi la nyuma yake. Ukampa neno. Hukunong'ona, wala hukuziba mdomo kwa mkono. Ulilitoa kwa sauti ya kusikika, kama uko kwenye jamvi langu, na Mwanaidi akalipokea akaendelea mbele. Hakuna kati yenu aliyejua kwamba limetokea jambo. Mimi mwenyewe kule nje nilifurahi. Nilisema moyoni, tazama watoto wangu walivyolelewa. Ni mpaka nilipomwona yule bwana ameweka kalamu chini ndipo nikausogelea ukuta.

Wewe unajua ilikotoka desturi hiyo, lakini yule bwana hakujua. Katika chuo changu msomaji akikwama huinua kidole, na aliye karibu anayejua humfungulia. Ni vivyo hivyo msikitini: imamu akisahau aya, mtu wa nyuma humpa neno, swala ikaendelea, na hakuna anayesema imamu ameiba. Kumwacha mwenzako ananing'inia na hali unajua ndiyo tabia mbaya kwetu. Nimewachapa watoto kwa hilo. Nilikuchapa wewe, Zuhura, viboko vitatu, ule mwaka mliogombana na Mwanaidi kwa ajili ya shanga, ukamwacha akakwama katikati ya sura na huku neno liko mdomoni mwako umelishikilia kama peremende. Ulilia ukasema, "Si alininyang'anya shanga zangu!" Nikakwambia shanga ni zako lakini neno la Mungu si lako. Nilijiona nimesema jambo kubwa sana. Basi siku ya mtihani ulifanya vile nilivyokufunza kwa kiboko.

Wakawatoa ninyi nje, wakaniita mimi ndani. Baba yake Mwanaidi, Seif, alikuwa kambini huko mikokoni anakata boriti, mwendo wa siku mbili kwa kasia. Aliponiaga aliniambia, "Mwalimu, mtoto yuko mikononi mwako." Kwa hiyo niliingia chumba kile nikiwa nawasimamia nyote wawili. Hilo ndilo linaloniunguza zaidi. Sikuitwa kama baba yako peke yake.

Msimamizi alikuwa mtu wa adabu. Alinipa kiti. Akasema, "Mwalimu, kanuni yetu yasema wote wawili nje. Lakini mna wasichana wawili tu katika skuli hii, na sitaki kurudi Utete mikono mitupu. Nikijua mmoja aliomba, na mwingine alijibu kwa kushtukia tu, nitamkata aliyeomba, wa pili nitamwacha. Wewe wawajua wote. Huyu aliyekuwa akisoma, ana desturi ya kuomba?"

Nikasema, "Ndiyo, bwana. Akikwama huinua kidole."

Tazama jibu hilo, mwanangu. Halina uongo hata chembe. Mwanaidi akikwama huinua kidole. Wewe pia huinua, na mtoto wa mwenye duka huinua, na watoto wote waliopita chuoni kwangu huinua, kwa sababu mimi ndiye niliyewafunza. Hayo sikuyasema. Yule bwana akaandika. Aliandika polepole, na muda wote huo nilikuwa nayo mdomoni sentensi moja fupi: bwana, kosa hili ni langu, wote nimewafunza mimi. Nilikuwa nayo tayari kabisa, na nafasi ilikuwapo. Kisha akafunga kichupa cha wino, akaniuliza kama mpunga mwaka huu umeshika vizuri, nikamjibu umeshika.

Kama Mwanaidi aliinua kidole siku ile au hakuinua, mimi sijui. Nilikuwa nje, mgongo wa mtu ulinikinga nisiuone mkono wake. Wewe ndiye unayejua, na hakuna aliyekuuliza.

Ulinikimbilia mlangoni ukasema, "Baba, wamesemaje?" nikakwambia, "Wamesema mwende nyumbani." Majibu yalipokuja jina lako lilikuwamo na la mwenzako halikuwamo. Watu wakasema Mwanaidi alishindwa kusoma. Halafu yakaja maneno ya kisimani, kwamba wewe ulisema alikuomba, na kwamba yeye alisema ulimharibia kwa kiherehere chako. Ninyi mliokuwa mnakula sahani moja mkawa mnapishana na ndoo kichwani bila salamu. Niliyaona hayo kila siku. Nilikuwa naweza kuyakata kwa maneno mawili, nami nikawa naingia ndani.

Usidhani nilianza siku ile. Nitakwambia na jingine ambalo hata mama yako hajui. Watu wananiita shehe kwa sababu nilisoma Mafia kwa mwalimu mkubwa. Ni kweli nilisoma. Lakini kile kitabu cha sheria chenye mambo ya mirathi na ndoa ambayo watu huja kuniuliza, nilikifikisha nusu. Babangu alifariki, mpunga ulikuwa shambani na nguruwe wanaingia kila siku, nikarudi nikapanda kwenye dungu kulinda shamba, na Mafia sikurejea tena. Niliporudi wazee walisema, "Alhamdulillahi, kijana wetu amemaliza." Sikusema nimemaliza. Nilinyamaza tu, nikanywa kahawa yao. Tangu hapo, swali likija la ile nusu nisiyoisoma, mimi hujibu kwa kukohoa na kusema jambo hili lina maneno mengi. Watu wanaona ni hekima. Siku za mwanzo nilikuwa naona aibu, baadaye nikazoea, baadaye zaidi nikawa napenda kukohoa.

Kwa hiyo nilipokaa mbele ya msimamizi nilikuwa fundi tayari. Mtu anayesema uongo wa wazi huweza kushikwa. Mimi nimeishi kwa kuacha watu waelewe vibaya, na hakuna aliyewahi kunishika.

Mwanzoni nilijitetea kwa kuitukana ile kanuni. Nilisema ni kanuni ya wachoyo, ya watu wanaokula wamefunga mlango. Sasa nimeifikiri kwa siku nyingi, naona kila nyumba ina lake. Chuoni tunachotafuta ni aya isianguke, hata ikibebwa na vinywa kumi. Wale wa skuli wanatafuta kujua wewe peke yako una nini kichwani, ili kesho wakikupa mgonjwa umwuguze au watoto uwafunze wasije wakakuta huna kitu. Nikiwaza zile hukumu zangu za mirathi nilizozitoa kwa kukohoa, siwezi kusema kanuni hiyo ni mbaya. Ingekuwapo Mafia, pengine ingenisaidia. Huko uendako ukikwama, kwama. Ukiulizwa kama kazi ni yako na si yako, sema nilipewa na fulani. Sikuamrishi, sina uso wa kuamrisha. Nakwambia tu kwamba mara ya kwanza ndiyo nyepesi kuiacha, na mimi ile ya kwanza niliinywa na kahawa.

Nilijaribu kurekebisha. Usicheke, nilijaribu kweli. Jina lako lilipotoka nilikwenda kwa Mwalimu Athumani nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Shehe," akasema, "karatasi zimekwenda zamani. Ukisema leo, hawatamrudisha yule. Watamwondoa na huyu. Kanuni ni wote wawili."

"Basi nifanyeje?"

"Mimi nafunza Kiingereza na hesabu, hilo usiniulize."

Nikarudi nyumbani. Nikakukuta unapiga pasi sare yako ya kwanza, umeikunja kola mara mbili ili ikae vizuri, na mama yako anaimba. Nikaketi.

Chuoni nako mambo yameharibika. Mwanaidi aliendelea kuja, hukosi kumkuta jamvini mapema kuliko wote. Siku moja akiwa anasoma akakwama. Nikangoja kidole, hakuinua. Wenzake wakampa neno, wa kwanza, wa pili, hakulipokea. Alikaa kimya ameutazama msahafu, mimi nimekaa mbele yake na fimbo yangu mapajani, mpaka muda wa kutawanyika ukafika. Kesho yake vivyo hivyo. Sasa watoto wengine wameshika tabia yake. Anayekwama ananyamaza, na aliye karibu ananyamaza, kila mmoja anaogopa. Desturi niliyoirithi kwa mwalimu wangu, naye kwa mwalimu wake, imekufa mbele yangu katika mwezi mmoja, na siwezi kumchapa mtu.

Halafu ikaja Ijumaa iliyopita. Hukuwapo, wanawake hawakusikia. Nikiwa nasalisha, katika rakaa ya pili, sura niliyoisoma maisha yangu yote ikanitoka. Nilisimama. Nyuma yangu kimya. Nikajaribu tena kuanzia juu, nikafika palepale ikanitoka. Ndipo nikasikia sauti safu ya kwanza ikinipa neno, taratibu, bila haraka, nikalishika nikamaliza. Ilikuwa ni Seif. Alikuwa amerudi kutoka kambini siku hiyohiyo, mikono bado myeusi kwa maganda ya mikoko.

Nilipotoka alikuwa ananingoja penye viatu. Nikasema leo ndiyo leo, amejua, na nakiri mbele yako kwamba nilishukuru. Hakuwa amejua. Alinishika mkono akasema, "Mwalimu, n'na jambo. Skuli ya mtoto ndo imekwisha. Na mtoto wa kike akikaa bure maneno huwa mengi. Kuna mtu wa Dimani alinifuata kambini na posa, nami nimepokea. Nataka Ijumaa ijayo, na nataka wewe ndiye ufungishe. Wewe ndiye uliyemfunza."

Huyo mtu wa Dimani namjua, si mtu mbaya. Ana mikorosho na ana mke. Mwanaidi hajatimiza miaka kumi na mitano.

Nikasema, "Inshallah."

Ndilo neno lililotoka, Zuhura. Seif akanishukuru, akanibusu mkono.

Sasa unaona nilipofika. Nikimwambia Seif ukweli, pengine ataivunja posa ile, maana alimtaka mtoto asome, ndiye aliyemleta skuli kwa mguu wake watu wakimcheka. Lakini Seif si mtu wa kukaa na jambo. Atapanda mtumbwi mpaka Utete, na ana haki, atasema mbele ya msimamizi kila nitakachomwambia, na hapo jina lako nalo litafutwa, pengine wewe umekwisha fika, wakutoe darasani mbele ya wenzako na hilo sanduku. Nisipomwambia, Mwanaidi anaolewa na wewe unasoma. Kila siku naamka nimeamua moja, nikinywa uji nimeamua jingine. Nilidhani nikiandika nitaona njia. Nimefika ukurasa wa mwisho na sioni.

Nilifikiri kukutilia barua hii chini ya nguo uikute huko mbali, wakati hakuna la kufanya. Ningekuwa nimenyamaza tena, safari hii kwa maandishi. Kwa hiyo nakupa leo, mkononi, jua likiwa bado juu na nyumba ya Seif ikiwa hatua chache kutoka kwetu. Sikwambii ufanye nini, na usije ukafikiri umebebeshwa mzigo wangu kwa sababu ni wangu. Ukipanda mtumbwi kesho, nitakubebea sanduku na sitakuwa na neno juu yako mpaka nife. Ukikataa kupanda, mama yako atanichukia, nami nitamwambia sababu. Lililo lako ni moja tu, nalo naliomba: usiagane na Mwanaidi ukiamini alikusingizia. Hakukusingizia. Alisingiziwa.

Na Ijumaa nitavaa kanzu nyeupe niende kwao. Nitasimama nje ya mlango wa chumba, mashahidi wawili kando yangu, nimwulize kama ameridhia kuozwa na bwana fulani. Nitamwuliza mara tatu, ndiyo desturi. Mwanaidi siku hizi haongei nami. Atanyamaza mara ya kwanza, atanyamaza ya pili, atanyamaza ya tatu. Na katika ile nusu ya kitabu niliyoisoma, Zuhura, hili limo, nimelifunza watu miaka yote: mwari akinyamaza, amekubali. Nitageuka nitawaambia hivyo, na wanawake watapiga vigelegele.

Ni mimi babako,
Makame